Kisanduku cha kumbukumbu cha kitambaa: dalili, sababu na namna ya kukinusuru

Visanduku vinavyoletwa mezani kwangu hapa Mbeya vina magonjwa yaleyale. Mtu ametengeneza kwa mikono yake kisanduku cha kuhifadhia barua za marehemu baba, au kile kibangili cha hospitali alichovalishwa mtoto siku aliyozaliwa, au picha za sendofu. Amekata kadibodi kwa uangalifu, amekivalisha kitenge alichokifuata Tunduma. Wiki mbili baadaye kifuniko kimejikunja kama jani la mgomba lililokauka, au kitambaa kimetuna, au ukifungua unakutana na harufu ya chumba kilichofungwa msimu mzima wa mvua.

Nimeyapanga matatizo kwa dalili. Kwa kila dalili naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, naishia na ile ya nadra. Fuata mpangilio huohuo, maana visanduku vingi vimeharibiwa na dawa kali kuliko na ugonjwa wenyewe. Ninazungumzia kisanduku cha kawaida: kadibodi ngumu ya unene wa milimita 2 hivi, ile wanayotumia wanaojalidi vitabu, gundi nyeupe ya mbao, na kitambaa cha pamba kama kitenge au kanga.

Utaona kwamba karibu kila dalili inarudi kwenye maji: yaliyomo kwenye gundi, yaliyo hewani, au yaliyobaki ndani ya kadibodi kwa sababu hatukusubiri. Huku nyanda za juu jambo hili lina uzito wa pekee. Mvua zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Tukuyu hazikomi mapema hata hivyo. Zikikatika inakuja baridi ya Juni na Julai, ambapo usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Makete na Kitulo barafu huweka weupe juu ya majani. Maelekezo yaliyoandikwa kwenye kopo la gundi hayakuandikwa kwa ajili ya chumba cha Njombe saa kumi na mbili asubuhi.

Kipimo cha kwanza, dalili iwayo yoyote

Kabla ya kurekebisha kitu, jua kama kisanduku kimekauka. Mkono peke yake hudanganya, hasa mkono uliozoea baridi. Weka kifuniko kwenye shavu, kisha weka shavuni kipande kikavu cha kadibodi ileile kilichobaki ulipokata. Kama kifuniko ni cha baridi kuliko kipande, bado kina maji ndani. Kiache. Kadibodi ya milimita 2 iliyopakwa gundi pande zote mbili hutaka siku nzima wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua mimi huipa siku mbili hadi tatu chini ya uzito, nikibadilisha karatasi kavu za kunyonya unyevu asubuhi na jioni.

Na hapa niseme jambo moja kwa ukali kidogo. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kukausha kazi. Najua baridi ya Uyole ilivyo, na najua unavyotamani kazi iishe kabla ya harusi ya Jumamosi. Mkaa unaoungua hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Ukiwa kazini na jiko liko karibu, ukahisi kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, toka nje mara moja, watoe na wengine, kisha nendeni hospitali. Kisanduku kitasubiri.

Kifuniko kimepinda

Hili ndilo linaloletwa kuliko mengine yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Weka kifuniko juu ya meza bapa, upande wa nje ukitazama juu, ukiangalie kwa usawa wa macho. Kama pembe nne zimeinuka na katikati kumezama, kitambaa cha nje ndicho kinachovuta. Kama katikati kumetuna na pembe zimegusa meza, kinachovuta ni bitana ya ndani. Ukishajua nani anavuta, nusu ya kazi imeisha.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni kwamba upande mmoja tu ndio uliobandikwa. Gundi ya maji huilowesha kadibodi na kitambaa, vyote vinatanuka. Vikikauka vinarudi, yaani vinasinyaa, na kitambaa kinavuta ubao kuelekea kwake. Kama upande wa pili hauna kitu cha kuvuta kinyume, kifuniko lazima kipinde. Dawa yake ni kubandika karatasi ndani. Karatasi ya kaki inafaa sana, na hatuna shida nayo ukanda huu, kwa kuwa kiwanda cha Mgololo kule Mufindi kazi yake ni kaki. Ipake uji wa ngano au gundi iliyolegezwa kidogo kwa maji, isubiri dakika moja itanuke, ibandike ndani ya kifuniko, kisha kilaze katikati ya mbao mbili na matofali juu yake hadi kesho kutwa. Karatasi iliyolowa huvuta kwa nguvu kuliko kitambaa, ndiyo maana inaweza kurudisha kifuniko ambacho ulishakikatia tamaa. Usibandike mbili kwa mkupuo. Bandika moja, ikauke, tazama.

Sababu ya pili ni gundi nyingi. Ukibonyeza kitambaa na gundi ikachuruzika pembeni, ulizidisha. Gundi inatosha ikiwa inang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta, bila mabwawa. Nilipata kununua gundi ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, duka silitaji, ikawa imezimuliwa mno. Nikapaka mara tatu ili ishike, na visanduku sita vya kitchen party vyote vikapinda siku moja. Tangu hapo nanunua kopo lililofungwa, hata kama ni dogo.

Ya tatu ni mkao wa nyuzi za kadibodi. Kadibodi nayo ina nyuzi kama mbao. Ishike kwa mikono miwili, ipinde taratibu kwa urefu, kisha kwa upana. Upande inaokubali kupinda kwa urahisi ndio unaokuonyesha nyuzi: zinakwenda sambamba na mkunjo. Kwenye kifuniko, nyuzi zielekee upande mrefu, na za karatasi ya ndani zielekee hukohuko. Kama ulikata kinyume, hakuna uzito utakaokiponya kifuniko hicho kwa kudumu. Kitanyooka Agosti na kupinda tena Januari. Kata kingine.

Ya nne ni jua. Kisanduku kibichi kilichoanikwa juani hukauka upande mmoja kabla ya mwingine. Kianike kivulini, mahali penye upepo, na kiwe kimesimama ili hewa izunguke pande zote.

Kama ulitumia boksi la katoni, lile lenye mifereji ndani, na kitambaa kimeanza kuonyesha mistari ya mifereji, hilo halirekebishiki kwa nje. Safari nyingine bandika tabaka mbili, mifereji ya moja ikatize ya nyingine, na juu yake karatasi ya manila kabla ya kitambaa.

Kifuniko cha mbao kilichopinda ni habari tofauti kabisa. Usikilaze chini ya matofali, kitapasuka. Mpelekee seremala.

Kitambaa kimetuna au kina makunyanzi

Gusa uvimbe kwa kucha. Ukisikia mlio mkavu kama wa karatasi, gundi imeachia. Ukiwa laini na baridi, bado ni mbichi. Uminye kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje, uweke uzito, uache.

Mara nyingi chanzo ni kitenge kipya kilichobandikwa bila kufuliwa. Kitenge cha dukani kinakuja na wanga unaokifanya kisimame na kung'aa. Wanga huo unazuia gundi isiingie kwenye nyuzi, na kitambaa chenyewe hakijawahi kulowa, kwa hiyo kinarudi kwa mara ya kwanza kikiwa juu ya kisanduku chako. Kifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kianike, kipige pasi kikiwa na unyevunyevu. Wapo wanaoniambia kufua kunaondoa uzuri wa kitenge. Kunaondoa mng'aro, ni kweli. Lakini nimeshavua vitenge vingi kutoka kwenye visanduku vya watu, na karibu vyote vilivyotuna vilikuwa na wanga wake.

Kinachofuata ni kupaka gundi kwenye kitambaa badala ya kadibodi. Kitambaa kilicholowa gundi kinalegea, kinavutika, ukikilaza hakikai sawa. Paka ubao. Kitambaa kije kikavu.

Tatu ni mkono: kuanzia pembeni kwenda katikati, hewa inakosa pa kutokea. Na mara chache chanzo ni sponji. Wanaoweka sponji nyembamba chini ya kitambaa ili kifuniko kiwe kama mto huibandika eneo zima kwa gundi ya maji. Sponji inainywa, haikauki, inalegea. Sponji huhitaji matone machache tu katikati, na kitambaa kishikiliwe na mikunjo ya upande wa ndani.

Kwa uvimbe mkavu kwenye pamba kuna dawa nzuri ya pasi. Gundi nyeupe ya mbao hulainika ikipata joto. Weka kitambaa safi cha pamba juu yake, pitisha pasi ya moto wa wastani kwa sekunde 10, ondoa, kisha weka hapohapo kitu kizito na cha baridi, kwa mfano sufuria yenye maji, hadi papoe. Rudia mara mbili ikibidi. Usifanye hivyo kwenye satini, lesi au mahameli ya poliesta: vitayeyuka au vitalala na kung'aa pahala pamoja, na alama hiyo haiondoki. Uvimbe usiosikia pasi, utoboe kwa sindano, ingiza gundi kidogo kwa sindano ya dawa isiyotumika, bonyeza.

Gundi imepenya na kuacha madoa

Doa jeusi au lenye kung'aa juu ya kitambaa maana yake gundi imepita hadi upande wa juu. Tatizo hili ni la kanga na satini kuliko la kitenge, kwa kuwa ni vyepesi, na gundi iliyolegezwa hupita humo kama maji kwenye chujio.

Gundi ikiwa bado mbichi, una dakika chache. Bonyeza kwa kitambaa safi chenye unyevu, usisugue. Kusugua kunaisukuma ndani zaidi na kueneza rangi. Ikishakauka, kubali. Nimeona watu wakimwaga thina, petroli, hata dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Rangi za kitenge zinatoka kabla ya gundi, mvuke wake ni mbaya kwa mapafu, na moto ukiwa karibu nyumba inaungua. Doa lililokauka hufunikwa: utepe, kifungo cha nguo, shanga, au ua la kitambaa hukaa vizuri mahali ambapo doa limekaa.

Kwa kazi ijayo, kipe kitambaa chepesi mgongo wa karatasi kwanza. Chukua karatasi nyembamba, ipake uji mzito wa ngano, ilaze nyuma ya kanga iliyonyooshwa mezani, ikauke kabisa. Ukibandika kwenye kadibodi, gundi itaishia kwenye karatasi. Ukiwa na doti nzima ya kanga yenye jina ambalo mama alikuachia, fanya jaribio kwenye upindo wake usioonekana kwanza, na usikate maneno yake. Yalichaguliwa na mtu.

Usibandike gazeti chini ya kitambaa cheupe. Wino wake utaonekana, na karatasi ya gazeti hugeuka njano upesi.

Gundi haishiki, au imekauka nyeupe kama unga wa chaki

Gundi nzuri ya mbao ikikauka huwa kama kioo. Bandua ukingo kidogo uangalie. Ukiona tabaka jeupe linalovunjika na kumomonyoka, hiyo ni kazi ya baridi. Gundi hiyo ni punje ndogo mno za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yakiondoka punje zinatakiwa ziungane ziwe utando mmoja. Chini ya joto fulani haziungani. Zinabaki kila moja kivyake, kama mchanga. Ndiyo maana kisanduku kilichobandikwa Makambako usiku wa Julai kinabanduka chote kwa mkono mmoja, na mtengenezaji anadhani ameuziwa gundi feki.

Hakuna namna ya kuiamsha vizuri gundi iliyokauka hivyo. Bandua kitambaa, kwangua unga wote kwa kisu butu, anza upya kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Kopo la gundi liweke kwanza ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, na kadibodi nayo iwe imelala ndani ya nyumba, isitoke stoo. Gundi iliyowahi kuganda kwa baridi ikawa na mabonge haifai tena hata ikikorogwa.

Kama gundi ni kioo lakini bado imeachia, tafuta sababu nyingine: wanga wa kitenge, kama nilivyosema; kadibodi yenye ngozi ya kung'aa, kama maboksi ya viatu, ambayo inabidi isuguliwe kwa msasa kwanza; au gundi iliyozimuliwa.

Watu wakichoka hukimbilia gundi ya haraka, ile ya matone. Tahadhari: gundi hiyo ikikutana na pamba, joto lake hupanda ghafla, linaweza hata kutoa moshi na kuunguza kidole. Usiifute kwa kitambaa cha pamba na usivae glavu za pamba. Vidole vikigandana, usivute kwa nguvu. Viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, vitaachana polepole. Ikiingia jichoni, usijitibu nyumbani, nenda hospitali. Gundi ya njano ya mafundi viatu inashika, ila mvuke wake ni mkali na unashika moto. Itumike nje tu, na isitumike kabisa ndani ya kisanduku kitakachokaa picha au barua.

Pembe nene, au nyuzi zinachomoza

Pembe nene inatokana na kitambaa kisichopunguzwa. Kata pembe ya kitambaa kwa mshazari, ukiacha nafasi ya mara moja na nusu ya unene wa kadibodi kutoka kwenye ncha: kwa kadibodi ya milimita 2, milimita 3. Ukikata karibu zaidi, kadibodi itachungulia. Nyuzi zikichomoza, usizivute. Paka gundi kidogo sana kwa ncha ya kijiti cha meno, ikikauka zikate kwa mkasi mkali. Kwa kitambaa kinachofumuka sana, paka gundi nyembamba kwenye mstari wa kukata kabla ya kukata, si baada.

Kifuniko kinabana au kinapwaya

Kwanza jiulize ni mwezi gani. Kifuniko kilichoteleza vizuri Agosti hubana Februari kwa sababu kadibodi imekunywa unyevu. Kiache ndani ya chumba kikavu siku tatu kabla ya kukipasua.

Kisipobadilika, kosa ni la kipimo. Wengi hupima kisanduku kikiwa kadibodi tupu, kisha wanakivalisha na kukuta kimeongezeka. Pima kisanduku kikishavalishwa na kukauka. Kwa kitenge, sehemu ya ndani ya kifuniko kisichovalishwa iwe kubwa kwa milimita 3 kwa urefu na 3 kwa upana. Kwa mahameli, 5 au 6. Kinachobana kidogo, sugua ukuta wa ndani kwa kipande cha mshumaa. Kinachopwaya, bandika utepe mwembamba kuzunguka mdomo wa kisanduku kwa nje, kifuniko kiushike huo. Pembe zikiwa si mraba, lakini, hakuna utepe utakaosaidia. Pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, njia zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya milimita 2, kata upya. Anayekata kadibodi nyingi kwa ajili ya sherehe aende duka la uchapaji lenye mashine ya kukatia, wamkatie. Kisu hakitalingana visanduku 40.

Bawaba ya kitambaa imechanika

Angalia ilipochanikia. Ikiwa katikati ya mfereji, nafasi kati ya kifuniko na mgongo ilikuwa ndogo. Kadibodi ya milimita 2 inataka milimita 5 hivi ili kifuniko kianguke nyuma bila kuvuta. Ikiwa imeachia kwenye ukingo, utepe wa ndani ulibandikwa kifuniko kikiwa kimefungwa, ukawa mfupi. Ubandike kifuniko kikiwa wazi kabisa, ukiuminya kwa mgongo wa kijiko uzame mferejini. Na kitambaa cha bawaba kikatwe sambamba na upindo wa kiwandani, hapo ndipo nyuzi zake zina nguvu.

Weka pia tepe mbili pembeni, kutoka kifuniko hadi kisanduku, zikizuie kisivuke wima kwa mbali. Watoto hufungua kwa nguvu. Kama kifuniko ni kizito, kina kioo au mbao, bawaba ya kitambaa haitakibeba. Seremala akufungie ya chuma.

Harufu, ukungu, wadudu

Harufu ya uvundo bila madoa: kisanduku kilifungwa kikiwa kibichi. Kifungue, kiache kivulini kwenye upepo wiki nzima. Usinyunyize manukato.

Vidoadoa vyeusi, kijani au vyeupe kama pamba ni ukungu, na ukungu hustawi hewa inapokuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 au 70 kwa muda. Chanzo kikubwa ni mahali kilipowekwa: chini ya kitanda, sakafuni, au kimeegemea ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Kihamishie juu ya kabati, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Toa vilivyomo. Peleka kisanduku nje, vaa barakoa, futa ukungu ukiwa umekauka kwa brashi laini, upepo ukipeleka mbali nawe. Ukiufuta kwa maji utausambaza. Mwenye pumu asiifanye kazi hii, ampe mwingine. Ukungu ukiwa umeingia ndani ya kadibodi, choma kisanduku, tengeneza kingine, usihamishe hata utepe.

Uji wa ngano nao ni chakula cha wadudu. Kwa nyumba yenye mende, tumia gundi ya mbao. Maboksi yaliyotoka stoo ya mahindi yaanike juani siku mbili kabla ya kuyatumia, usije ukamletea mtu dumuzi kwenye barua za mama yake. Dawa za nondo zisikae pamoja na picha.

Rangi imechuja kwenye vilivyomo, au picha imegandana na bitana

Kitenge chekundu na cha buluu nzito huchuja. Sugua ndani kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka na rangi, ondoa vitu vyote, na weka bitana mpya ya pamba nyeupe iliyofuliwa mara mbili au karatasi isiyo na rangi. Pale Iringa, Neema Crafts wanatengeneza karatasi za mkono, hata za kinyesi cha tembo, nzuri kwa pambo la juu ya kifuniko. Kwa ndani mimi hubaki na nyeupe ya kawaida.

Picha ikishagandana na satini au na picha nyingine, simama hapo. Usivute, usipige pasi, usiingize kisu. Mama mmoja kutoka Rungwe aliniletea picha ya pekee ya ndoa ya wazazi wake, nusu ya uso wa baba imebaki kwenye bitana kwa sababu kijana wake alisaidia kwa kuvuta. Kwanza ipige kwa simu, ukiwa dirishani, mchana, bila mwanga wa taa ya simu, mara kadhaa, na utume nakala kwa mtu mwingine wa familia. Kisha kata bitana kuizunguka picha, itoke nayo kama ilivyo, iweke kwenye bahasha ya karatasi, ikiwa bapa, na uipeleke kwa mtu anayehifadhi nyaraka na picha za zamani kama kazi yake. Kisanduku kitashonwa bitana nyingine jioni hiyohiyo.